UZI: Kamera ndogo ya kupigia picha mtaani kwa jua letu la Kigoma, uchukue ipi kati ya Ricoh GR, Fujifilm X100, Sony RX100 na Canon G7X

Mwanga_Sokoni:

Wakuu habari za humu ndani. Watu wamekuwa wananifuata inbox wananiuliza nichukue kamera gani ndogo ya kuzunguka nayo mtaani, Mwanga, Ujiji, Kibirizi, nikaona nishushe uzi mmoja tujadili hapa hapa kila mtu aone. Naongelea kamera ya kuweka mfukoni au kwenye kipochi, sio yale makubwa ya harusini.

Kiukweli ulinganisho mwingi ulioko mtandaoni unaandikwa na watu walioko Ulaya, Marekani au Japani, wanashindanisha picha za usiku, taa za barabarani, mvua, na wana haki yao maana ndio mwanga walionao. Sisi huku shida yetu kubwa sio giza, ni mwanga kuzidi. Mama amejitanda kanga kichwani, mvuvi kavaa kofia, nyuma yake mchanga mweupe na mabati yanawaka, na jua liko utosini, hapo kamera inaona weupe ule wa nyuma inapunguza mwanga, na uso wa mtu unabaki shimo jeusi, macho huyaoni kabisa. Na jua la utosini kwetu ni saa saba mchana, sio saa sita, maana tuko magharibi mbali, jua letu liko nyuma ya Dar kwa karibu dakika 40 ila saa za ukutani ni zile zile. Kwahiyo kuanzia saa nne hivi mpaka saa kumi mwanga ni mkali, na hapo ndipo soko linapochemka.

Msimamo wangu ndio huu na nausimamia: ukiwa huku, kamera ya mtaani chagua kwa kuangalia flashi yake kwanza. Flashi, mchana kweupe. Megapikseli angalia mwisho kabisa.

Kwanini kamera ndogo hapo inaishinda hata kamera kubwa? Kwa sababu ya shata, yaani kile kizibo kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga. Kamera kubwa nyingi za kubadilisha lenzi zina shata ya pazia mbele ya sensa (kile kibamba kinachonasa picha), na ukiwasha flashi huwezi kuvuka spidi ya sekunde 1/200 au 1/250. Kwa jua letu spidi hiyo inakulazimisha ufunge apecha, yaani tundu la lenzi la kupitishia mwanga, mpaka f/11 (namba ya f ikiwa kubwa tundu ni dogo), na flashi ndogo kwa f/11 haifiki popote. Sasa hizi kamera ndogo ninazozitaja shata yake imo ndani ya lenzi, inafunguka na kufunga kutokea katikati, kwahiyo flashi inawaka vizuri hata kwa 1/1000, unaacha apecha wazi zaidi na kale kaflashi kadogo kanatosha kuinua uso. Hata sauti haina, ni kaklik kadogo tu.

Haya tuingie kwenye zenyewe.

Ricoh GR. Hii ndio kamera ya mtaani kwa maana halisi, yule Mjapani Daido Moriyama amezunguka nayo Tokyo miaka na miaka. Lenzi moja tu haina zumu, ni 28mm (mm zikiwa chache inaona eneo pana zaidi) f/2.8, sensa ni APS-C, yaani milimita 23.5 kwa 15.6, ukubwa ule ule wa kamera nyingi za studio. Inaingia mfuko wa shati, gramu 250 na kitu. Kuna GR ya 2013, GR II ya 2015, GR III ya 2019, na GR IIIx ya 2021 ambayo lenzi yake ni 40mm. Wengi watakuambia kimbilia GR III maana ni megapikseli 24 badala ya 16, ina kitulizaji cha mtikisiko, inachajiwa kwa USB-C. Yote kweli. Ila GR III walitoa flashi! GR II inayo, unaivuta inachomoza. Kwa hilo moja tu mimi hapa Kigoma nachukua GR II na hela inayobaki nanunua betri. Ukiwa na GR III itabidi upachike flashi juu, na ukishapachika haiingii tena mfukoni.

Utamu mwingine wa GR ni ile snap fokasi. Unaiambia kamera mapema kwamba fokasi yako ni mita 2.5, apecha f/8, na ukibonyeza moja kwa moja hadi chini haitafuti kitu, inapiga. Kwa lenzi ile na f/8 kila kitu kuanzia kama mita 1.2 mpaka upeo wa macho kinaonekana safi. Bodaboda inapita, mtoto anaruka dimbwi, umeshapata. Hakuna kamera nyingine ndogo inayofanya hili kirahisi namna hiyo.

Fujifilm X100. Ya kwanza ilitoka 2011, sasa hivi iko X100VI ya 2024 yenye megapikseli 40 ambayo ilizinduliwa kwa dola 1,599 na kuipata ilikuwa kazi dunia nzima. Zote ni 35mm f/2, APS-C, flashi iko ndani, shata kwenye lenzi, na ina kichujio cha kupunguza mwanga humo humo. Ila kubwa kuliko yote ina kitundu cha kuchungulia. Saa saba mchana pale ufukweni Kibirizi skrini ya kamera yoyote unaona uso wako tu, na GR haina kitundu, G7X haina. X100 unaweka jicho unaona dunia. Rangi zake pia, ngozi zetu inazitendea haki bila kuhangaika kwenye kompyuta. Ubaya ni uzito, toleo la X100F ni gramu 469, mfukoni haikai, na ikining'inia shingoni kila mtu anaiona.

Sony RX100. Hii ina mlolongo, ya kwanza 2012 mpaka ya saba 2019. Sensa ya inchi moja, milimita 13.2 kwa 8.8, yaani ya APS-C inaizidi eneo karibu mara tatu. Hapo ndipo jua la Kigoma linaisumbua, ukitaka kuinua kivuli kwenye kompyuta uchafu wa chembechembe kwenye picha unatokea haraka. Ila ina zumu, ina flashi, na kuanzia ya tatu ina kitundu cha kuchungulia kinachochomoza. Ya tatu kwa macho yangu ndio yenye akili, 24-70mm f/1.8-2.8. Ya saba ina zumu mpaka 200mm, ila mtaani 200mm ya nini? Unampiga mtu toka mbali kama unampeleleza.

Canon G7X Mark II ya 2016 na Mark III ya 2019, sensa ni ile ile ya inchi moja, 24-100mm, flashi ipo, kitundu hakuna. Nzuri kwa anayejirekodi video. Sina la zaidi.

Karibuni.

Ziwa_Kuu:

Mkuu umeandika vizuri ila nipinge kidogo. Simu je? Mimi nina Tecno yangu, saa saba hiyo hiyo nampiga mtu na sura inatoka bila flashi wala nini. Kwanini nitoe hela ya kamera ya 2015?

Mwanga_Sokoni:

Ndugu Ziwa_Kuu uko sahihi na sitabisha, hapo simu imeizidi kamera. Inapiga picha kadhaa kwa mpigo inaziunganisha, pa giza inapainua pa mwanga inapashusha, na Tecno kweli wamejitahidi kwa ngozi zetu. Kama mtu kasimama ametulia tumia simu, usinunue chochote.

Shida inakuja mtu akitembea. Zile picha kadhaa haziungani vizuri, mkono unakuwa na kivuli chake, mguu unaonekana miwili. Pili simu inasawazisha mno, jua kali linakosa ukali wake, kila picha inafanana na ya jirani. Mimi nataka mwanga wa saa saba uonekane ni wa saa saba, ila na macho ya mtu nayaona. Flashi kidogo inakupa hilo, anga inabaki imeiva, kivuli kinabaki kivuli, na uso umetoka.

Dada_wa_Gungu:

Kaka samahani naomba unisaidie kwa lugha nyepesi, hiyo flashi ya mchana unaiwekaje? Mimi nikiwasha flashi mtu anatoka mweupe anang'aa mafuta usoni kama kapakwa, sipendi kabisa.

Mwanga_Sokoni:

Dada yangu swali zuri sana hili na ndipo wengi wanapoichukia flashi bure. Usiiache kamera iamue nguvu yenyewe. Ingia kwenye menyu ya flashi, kuna sehemu ya kuipunguza, ishushe mpaka -1 au -1.7 uone. Lengo sio flashi iwe taa kuu, taa kuu ni jua, flashi kazi yake kujaza kivuli tu. Halafu weka mwenyewe ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 200, f/8, spidi 1/800, kwa jua kali hapo mandhari ya nyuma inakaa sawa, kisha sogea mtu awe mita moja na nusu hivi. Zaidi ya hapo vile viflashi havifiki, na ukisogea sana ndio huo mng'ao wa mafuta unaousema. Ngozi ikiwa na jasho shusha tena.

Na kitu kingine ambacho hakihusu flashi, ile alama ya kuongeza na kupunguza mwanga, +/-, ijue kama jina lako. Pale wanapoanika dagaa, wale dagaa wakishakauka wanameremeta, pamoja na mchanga, kamera inaogopa inashusha kila kitu, hapo panda +1. Ukiingia ndani ya soko kwenye korido za giza, muuza mawese kakaa nyuma ya madumu, kamera inafanya kinyume, inapandisha mpaka ngozi inakuwa ya kijivu na yale mawese mekundu yanapauka, hapo shuka -0.7 au -1. X100 ina gurudumu lake juu kabisa la kazi hiyo, unaona hata kamera ikiwa imezimwa. GR II kuna kitufe nyuma, kidole gumba kinafika chenyewe.

Ngambo_Tabora:

Shikamooni wakubwa. Nawasoma kutoka Tabora hapa Ng'ambo. Mmesahau vumbi! Huku kwetu kiangazi vumbi linaingia mpaka kwenye sahani ya chakula. Nimesikia GR ni ugonjwa wake. Halafu kitundu cha kuchungulia mimi naona ni lazima, chini ya ile miembe yetu mwanga unakuja madoa madoa, skrini haisomeki.

Mwanga_Sokoni:

Marahaba mdogo wangu, na hili nashukuru umelileta maana lingepita.

Ni kweli. GR haijazibwa, lenzi yake inatoka na kuingia kila ukiwasha na kuzima, na kila ikirudi ndani inavuta hewa na kilichomo kwenye hewa. Vumbi likishakaa kwenye sensa unaona doa jeusi angani kila picha, na huwezi kufungua kupangusa kama kamera ya kubadilisha lenzi, inatakiwa ifumuliwe. GR III ina kifaa cha kuitikisa sensa kupukuta vumbi, kinasaidia kiasi, hakimalizi. RX100 na G7X nazo lenzi zinatoka na kuingia. X100 lenzi imekaa pale pale, na kuanzia X100V ya 2020 ukifunga pete ya kuunganishia na kichujio mbele ya lenzi inakuwa imezibwa dhidi ya vumbi na manyunyu. Bila hivyo viwili haijazibwa, muuzaji asikudanganye.

Kwahiyo kwa Tabora mwezi wa nane, wa tisa, ningekuambia X100V kama mfuko unaruhusu. Kama ni GR iweke kwenye kamfuko kenye zipu, usiitupe mfuko wa suruali wenye mabaki ya karanga, na usiwashe na kuzima hovyo. Ukishaiwasha iache iwake unapozunguka, bora betri iishe.

Ziwa_Kuu:

Betri yenyewe ya GR si inaisha ndani ya lisaa?

Mwanga_Sokoni:

GR III kiwandani wanasema picha kama 200, na ukiwa na flashi ya kupachika, wifi na skrini, pungufu. X100V wanataja 350 ukitumia kitundu cha kuchungulia kikiwa cha umeme (kiskrini kidogo ndani) na 420 kikiwa cha kioo kitupu. Hapo X100 inashinda. Betri za RX100 ni aina moja toka ya kwanza mpaka ya saba, NP-BX1, kwahiyo hata kuukuu utazipata, na X100F inatumia NP-W126S ambayo Fuji wameiweka kwenye kamera zao nyingi. Ya GR II ni DB-65. Tembea na mbili daima, na RX100, X100F, X100V na GR III unaweza kuchaji kwa power bank ya simu, umeme ukikatika hulali njaa.

Katonga_Beach:

Wakuu mimi naona mnaongelea vyuma tu. Kumpiga mtu flashi usoni barabarani hapa Kigoma bila kumwambia kitu ni kumkosea adabu. Mzee wangu ni mvuvi, anachukia sana watu wanaokuja na kamera Kibirizi wanapiga na kuondoka. Anasema picha zetu zinaenda wapi?

Mwanga_Sokoni:

Katonga_Beach, mfikishie mzee salamu zangu, na ana haki kabisa.

Mimi picha za kushtukiza kwa flashi sipigi. Kule Tokyo au New York mtu anaweza kupita na kuwasha flashi watu wakaendelea na hamsini zao, ila Kigoma mji wetu tunajuana, kesho nitakutana naye kwenye daladala ya Ujiji. Nafanya hivi: nafika, nasalimia kweli kweli sio salamu ya kupitia, kazi inaendaje, dagaa wametoka, giza mwezi huu likoje maana wale wa karabai mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika. Naonyesha kamera iko mkononi. Akikubali naendelea kukaa, na baada ya dakika chache anarudi kwenye kazi yake ananisahau, na picha ya mtaani inapatikana hapo, hajajipanga wala hajasimama wima. Flashi ya kwanza atashtuka atacheka, ya pili hana habari nayo. Watoto bila mzazi au mlezi kuwepo sipigi. Bandarini, stesheni na sehemu za jeshi kamera inabaki mfukoni mpaka nimeomba ruhusa kwa wahusika, hata lile jengo la stesheni liwe zuri vipi. Na tangu 2023 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, sura ya mtu sio yako ya kufanyia tangazo.

Na hapa ndio naomba mnisikilize kuhusu kifaa pia, kwasababu adabu inaingia mpaka kwenye kuchagua kamera. Mtu wa kwetu ukimpiga picha swali lake ni utanirushia? Basi nunua yenye wifi, umrushie kwenye simu hapo hapo kisha iingie WhatsApp yake kabla hujaondoka. GR II inayo, GR ya 2013 haina. RX100 ya kwanza haina, kuanzia ya pili zinayo. X100 kuanzia X100T ya 2014. Nikimrushia mtu picha yake pale pale, wiki ijayo nikirudi wananiita wenyewe, njoo na huyu hujampiga. Mzee wa Katonga_Beach analalamika picha haikurudi, na kiukweli picha isiyorudi kwa mwenyewe mimi naihesabu ni ya kuchukuliwa tu.

Katonga_Beach:

Hapo nimekuelewa mkuu. Nitamsomea. Je kwenye boti? Tunavuka na mitumbwi kwenda vijijini kaskazini huko njia ya Gombe, maji yanaruka.

Mwanga_Sokoni:

Hizo zote nilizotaja weka kwenye mfuko wa nailoni ukiwa kwenye boti, kabisa. Ya majini ni Olympus Tough, mfano TG-5 ya 2017, inazama mpaka mita 15 bila kasha. Ila sensa yake ni ndogo ya saizi ya simu, nchi kavu hutaipenda.

Dada_wa_Gungu:

Kaka nimepata mtu Dar anauza GR II iliyotumika, na mwingine ana X100F. Bei hazipishani sana. Mimi napiga zaidi sokoni, wauza mawese, migebuka, mama ntilie. Nichukue ipi na nikague nini?

Mwanga_Sokoni:

Dada kwa sokoni Mwanga, ambako unapita korido zimebanana na mtu yuko mita moja mbele yako, 28mm ya GR ndio saizi, 35mm ya X100F itakuwa inakukata miguu ya watu na ndoo za mawese. Ila kama wewe ni mtu wa kutoka nje juani muda mrefu na macho yanakusumbua na skrini, chukua X100F, hutojuta. Mimi ningechukua GR II.

Kwenye kukagua, mwambie aliyeko Dar akutafutie ndugu akaishike mkononi, usinunue kwa picha. Awashe na kuzima mara nyingi, lenzi itoke bila kusuasua wala kukwaruza, ikigoma hata mara moja achana nayo, mafundi simu wetu hawana vifaa vya hiyo lenzi. Aipige anga tupu kwa apecha f/16, aikuze aangalie kona zote, vumbi la kwenye sensa linatokea kama madoa ya kijivu, moja mawili yanavumilika, yakiwa mengi apunguziwe bei au aondoke. Aivute flashi aiwashe mara kadhaa aone inachaji na kuwaka kila mara. Gurudumu la juu lizunguke bila kuruka namba. Aulize betri ni ya kampuni au ya kuiga, na chaja ipo. Wifi aijaribu na simu yake pale pale mpaka picha ifike. Kama muuzaji anakataa hata kimoja katika hivyo, iache, zipo nyingine, na wewe njoo hapa useme tutakutafutia.